The KLF: moto wa pauni milioni na mengine yanayosimuliwa vibaya

Wakitajwa The KLF, mtu hukosi kusikia: "Si wale Waingereza waliochoma pauni milioni moja kutafuta kiki?" Ndio hao, kundi la muziki wa dansi la watu wawili, ila hilo la kiki halikai sawa.

Kiki hutafutwa na mwenye kitu cha kuuza. Wawili hao, Bill Drummond na Jimmy Cauty, walizichoma noti zile tarehe 23 Agosti 1994, ndani ya banda la mashua lililoachwa katika kisiwa cha Jura, Scotland. Wakati huo The KLF ilikuwa imeshakufa: walitangaza kuacha muziki Mei 1992, na papo hapo wakaziondoa rekodi zao zote katika soko la Uingereza. Nani aachane na mauzo yake kwanza, kisha atafute matangazo? Wala hapakuwa na umati. Walikuwa wao wawili, rafiki yao mwenye kamera na mwandishi wa habari mmoja, wakitupia motoni noti za pauni 50 kwa zaidi ya saa nzima. Tena walifanya hivyo kwa jina la K Foundation, taasisi yao ya sanaa. Pesa zilikuwa jasho lao wenyewe, nyingi zikitokana na vibao kama "3 a.m. Eternal", kilichoshika namba moja Uingereza mwaka 1991.

Wengine huamini vibao hivyo vilirekodiwa uwanjani, maana vinavuma kwa kelele za mashabiki na majina yake yanasema "Live". Kelele zile zilipandikizwa studio. Na ile "Trancentral" wanayoiimba kama hekalu? Nyumba aliyoishi Cauty, mtaa wa Stockwell, kusini mwa London.

Dhana ya tatu naielewa zaidi: kwamba sauti ya Tammy Wynette, malkia wa kantri wa Marekani, inayosikika katika wimbo wao "Justified & Ancient", ilikatwa kutoka rekodi ya zamani. Wawili hawa walikuwa na sifa ya kuchomoa vipande vya nyimbo za watu. Mwaka 1987 walichukua "Dancing Queen" ya ABBA, kundi la Sweden, bila ruhusa, wakaamriwa kuiondoa sokoni albamu yao yenye kipande hicho, wakafunga safari hadi Sweden kuwaomba wenyewe, wasiwapate. Nakala nyingine walizichoma, nyingine wakazitupa baharini njiani kurudi. (Kumbe moto ulikuwa tabia ya siku nyingi.) Lakini kwa Wynette hawakuiba kitu: Drummond alimfuata Nashville, mama akaimba mwenyewe.

Kuhusu fujo za tuzo za BRIT, tuzo za muziki za Uingereza, za Februari 1992, risasi alizofyatua Drummond jukwaani zilikuwa baridi, za mlio tu. Kondoo aliyelazwa mlangoni pa sherehe ya baada ya tuzo, huyo alikuwa wa kweli, na amekufa. Anayesema walifukuzwa kwenye muziki kwa fujo hizo amekosea: usiku uleule walitunukiwa kuwa kundi bora la Uingereza, sambamba na Simply Red. Waliondoka kwa miguu yao.

Nyimbo zao zilianza kurudi rasmi mitandaoni Januari 2021. Wenyewe walikuwa wameshatokeza Liverpool tarehe 23 Agosti 2017, miaka 23 kamili tangu ule moto, saa sita na dakika 23 usiku. Walikuja na gari la kuuzia aiskrimu, kuzindua kitabu.