Kalori za wali wa nazi: pima sufuria, usikisie sahani

Hapa Tanga, wengi wanaonijia wakitaka kupunguza kitambi huwa wameshaacha wali. Wanalalamika kwamba wana njaa na mizani haisogei. Nikiwauliza wanakula nini, naambiwa mbaazi za nazi asubuhi, samaki wa kupaka mchana, na chai ya maziwa kila wanapokaa barazani. Wali wameuacha kweli, ila tui, mafuta na sukari viko palepale.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na anayemimina kwa macho huingiza vitatu au vinne bila kujua. Ndiyo maana sipendi kuanza na sahani. Naanza na sufuria.

Chukua wali wa nazi. Pima kwanza sufuria tupu kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito wake. Mchele mkavu kilo 1 una kalori zipatazo 3,600. Nazi mbili za wastani zina nyama ya gramu 800 hivi, sawa na kalori 2,800, lakini ukishakuna na kukamua, sehemu ya mafuta hubaki kwenye machicha. Tukadirie nusu imeingia kwenye tui: 1,400. Jumla 5,000. Wali ukishaiva na kukauka, pima sufuria tena, toa uzito wa ile tupu. Tuseme umepata kilo 2.7: kila gramu 100 ina kalori 185. Wali mweupe wa chumvi tu una kama 130. Kwenye sahani ya gramu 400, tofauti ni kalori 220, na hapo mchuzi bado. Kazi hii unaifanya mara moja kwa kila chakula mnachokipika sana nyumbani. Mama au dada anayepika umshirikishe tangu mwanzo. Bila yeye hesabu yote ni bure.

Anayetaka kupungua namshusha kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya kiasi kinachomweka kwenye uzito uleule. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo usitegemee miujiza ya wiki moja. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari anayetumia dawa waonane na daktari kwanza.

Ukishusha kalori bila kuangalia protini, utapoteza na misuli. Lengo ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani 112 hadi 154 kwa mtu wa kilo 70, pamoja na kunyanyua vyuma. Na pwani yetu imejaliwa! Gramu 200 za pweza mbichi zina protini kama 30 kwa kalori zisizofika 170. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, almradi usiwazamishe kwenye mafuta. Maharage yaliyoiva, gramu 200, yanakupa kama 17.

Mizani ya mwili ipandwe asubuhi, baada ya choo na kabla ya kula, kisha utazame wastani wa wiki. Chumvi ya jana usiku peke yake inaweza kukupandisha kwa maji tu. Wastani usiposogea kwa wiki mbili au tatu, punguza kalori 200, na uzitoe kwenye mafuta na sukari.

Kwa kijana mwembamba anayetaka misuli, mambo yanageuka. Yeye anahitaji ziada ya kalori 200 hadi 300 kwa siku, na mara nyingi shida yake ni kushiba mapema. Huyo simgusii tui lake. Namwongezea upawa mmoja wa wali wa nazi mchana, na mayai mawili usiku.