Kabla ya Kumwita Mtoto Mkaidi, Hesabu Maneno Yake

Mzazi anayeleta kliniki mtoto wa miaka miwili mara nyingi huanza kwa kulalamika kwamba mtoto amekuwa mkaidi: hujitupa chini stejini akinyimwa noti ya nauli aishike yeye, huwauma wenzake huko anakoachwa mchana, na kila akiambiwa jambo hukataa. Swali ninalomuuliza mzazi huyo ni kama anajua mtoto ana maneno mangapi.

Kati ya miezi 18 na miaka mitatu, matakwa ya mtoto hukua haraka kuliko ulimi wake. Anaelewa mengi yanayosemwa nyumbani na anajua vyema anachokitaka, lakini hana maneno ya kukiomba wala ya kueleza kwamba amechoka, na sehemu ya ubongo inayotuliza hasira bado ni changa mno. Kwa hivyo hulia na kugaragara. Kumchapa, mbali na kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, hakumwongezei neno hata moja. Ni afadhali mzazi achutame hadi macho yao yalingane, amtajie kwa ufupi anachohisi, "Umekasirika, ulitaka kushika pesa," kisha angoje kilio kipungue. Noti haitolewi, lakini akitulia, apewe kitunguu cha mama mboga akibebe mwenyewe hadi nyumbani.

Maneno huja kwa kuzungumza naye, na mzazi anayetoka alfajiri na kurejea saa mbili usiku hana saa nyingi za kuzungumza. Hata hivyo, muda wa kumwogesha kwenye beseni unatosha kutaja goti, kisigino, povu na maji ya vuguvugu, na kumwachia nafasi ya kujibu, hata kama jibu ni mguno. Katuni za simu haziwezi kumngoja ajibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili hadi minne unashauri isizidi saa moja kwa siku.

Jambo linalowatatiza sana wazazi wa Nairobi ni lugha. Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe hasemi kitu, ila "maji" na "gari". Tukiwa bado tunazungumza, mtoto aliunyooshea kidole mfereji na kusema "pi", neno la Kijaluo la maji, ambalo mama hakulihesabu kwa sababu, kwa maoni yake, lilikuwa la nyanya yake tu. Tulipoanza kuhesabu upya na kujumlisha ya nyanya, ya yaya na ya watoto wa ploti, tulivuka ishirini. Maneno ya lugha zote huhesabiwa pamoja, na kulelewa katika lugha mbili au tatu hakusababishi mtoto kuchelewa kusema. Kwa hivyo sioni faida ya mzazi kuiacha lugha anayoimudu na kumsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza, eti anamwandaa kwa shule. Wala mzazi asishtuke mtoto anayeanza na Kiswahili akidondosha viambishi na kusema "taka" badala ya "nataka". Ni hatua ya kawaida, na hakuna haja ya kumsahihisha kila mara. Mzazi amjibu tu kwa umbo kamili: "Unataka uji?"

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kungoja ni kosa. Mtoto ambaye hana neno lolote lenye maana akifika miezi 18, ambaye haunganishi maneno mawili akitimiza miaka miwili, au ambaye alikuwa na maneno na sasa ameyapoteza, katika umri wowote, anahitaji kuchunguzwa, kuanzia masikio, maana hata mtoto anayegeuka mlango ukibamizwa huenda hasikii sauti hafifu. Wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi tisa, ilhali dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa katika miezi 18, umri uleule ambao swali la idadi ya maneno linapaswa kuulizwa. Mzazi aje na kijitabu cha mama na mtoto, na nyuma yake aandike kila neno alilolisikia wiki hiyo, hata lile linaloeleweka na nyanya peke yake.