Karatasi Ni Yako, Maneno Si Yako

Wateja wanaonunua barua za waandishi kwetu sisi wauza vitabu vya kale hurudi na swali lile lile: kwa nini mtu awazuie kuzichapisha, ilhali walizilipia na risiti wanayo? Risiti hiyo inahusu karatasi tu. Jambo hili liliamuliwa Uingereza tangu mwaka 1741, pale mshairi Alexander Pope alipomshtaki Edmund Curll, muuza vitabu mwenzetu asiyetutia fahari, kwa kuchapisha barua ambazo Pope aliandikiana na mwandishi Jonathan Swift. Jaji, Lord Hardwicke, aliamua kwamba anayepokea barua humiliki karatasi, lakini hapati haki ya kuyatangaza yaliyoandikwa humo. Na zuio alilotoa liligusa barua alizoandika Pope mwenyewe, si zile alizoandikiwa. Asiyeridhika na kesi ya kale na aitazame ya mwandishi wa riwaya J. D. Salinger, ambaye mwaka 1987, nchini Marekani, alimzuia Ian Hamilton kutumia barua za Salinger katika kitabu cha wasifu wa Salinger huyo, ingawa zilikuwa zimehifadhiwa katika maktaba za vyuo vikuu na watafiti walikuwa wakizisoma. Mahakama ya rufani ilikataa hata sentensi zilizobadilishwa maneno mawili matatu.

Hapo wateja hutuambia kwamba mwandishi amekwisha kufa. Kufa kwake hakutoshi: Uingereza, barua ya mwandishi aliyefariki kabla ya 1969, ikiwa haikuchapishwa kabla ya Agosti 1989, inalindwa hadi mwisho wa 2039, hata kama ni ya karne ya kumi na tisa, zama za mwandishi Charles Dickens. Mtafuteni kwanza mwenye hakimiliki, awape ruhusa ya maandishi.

Wengine huamini kwamba karatasi kuukuu ni uthibitisho kwamba barua ni halisi. Lee Israel, aliyeghushi barua za waandishi Dorothy Parker na Noël Coward huko New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitumia karatasi za zamani na taipureta za zamani, na wafanyabiashara wazoefu wakanunua. Ulizeni barua imepita mikononi mwa nani.

Saini peke yake haipandishi bei. Barua inayojadili riwaya ikiwa bado inaandikwa huishinda mbali ile ya kuomba radhi kwa kutofika kwenye mwaliko wa chakula cha jioni.

Kuifunika barua kwa plastiki ya moto ili idumu ni kuiharibu, na selotepu huacha doa la kahawia. Bahasha nayo isitupwe: waandishi wengi waliandika “Jumanne” tu juu ya barua, na mara nyingi ni muhuri wa posta pekee unaotaja mwaka.