"Ramani inasema ni karibu": dhana potofu za wanaohamia Dar bila gari

Juzi mteja mwingine amenitumia picha ya ramani. Kapata kazi Kariakoo, anahama Iringa, gari hana, na amezungushia duara jekundu Makongo Juu. "Dada, hapa pana hewa, na ni karibu kuliko huko Kimara unakonipeleka. Mbona unanitupa mbali?" Nimefanya udalali wa nyumba miaka kumi na moja, Sinza, Ubungo na Kimara ndiko kwangu, na swali hilo nimeulizwa mpaka naliota usiku. Naandika ili anayekuja kesho asome kabla hajatoa kodi ya miezi sita.

"Nyumba iliyo karibu kwa kilomita ndiyo iliyo karibu na kazi"

Hapana. Hii ndiyo inayowatesa watu kuliko zote, na inawatesa kila siku ya kazi, asubuhi na jioni.

Ni kweli ukinyoosha uzi kwenye ramani, Makongo Juu iko karibu zaidi na Kariakoo kuliko Kimara Mwisho. Lakini wewe hutasafiri kwa uzi. Utatoka ndani kwa boda hadi barabarani, utapanda daladala hadi Mwenge, utashuka, halafu utasimama kusubiri nyingine ya Kariakoo inayokuja imeshajaa. Nauli tatu, kusubiri mara tatu. Mwenzako wa Kimara kapanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, mara moja tu, kashuka kituo cha Gerezani, hapohapo Kariakoo. Njia yake ni ndefu, na mara nyingi atakuwa kafika wakati wewe bado unachungulia namba za daladala Mwenge.

Kwa asiye na gari, umbali wa Dar unahesabiwa kwa kuunganisha. Ukipanda gari moja, uko karibu. Ukipanda mawili, uko mbali kidogo. Matatu, usichukue hiyo nyumba hata kama ina vigae mpaka dari. Kila unapounganisha unaongeza nauli, lakini kibaya zaidi unaongeza kubahatisha: gari la kwanza likichelewa, la pili nalo linakupita. Na mvua ikishuka, kila kituo cha kuunganishia ni mahali pa kulowa na kugombea mlango.

Jambo la pili ambalo ramani haikuonyeshi ni mwanzo wa ruti. Anayepandia Kimara Mwisho, Gongo la Mboto au Mbagala Rangi Tatu anapanda gari tupu. Foleni ya kuingia ipo, sisemi ni raha, mwendokasi asubuhi watu wanasukumana pale Kimara na mimi nimesukumwa. Lakini gari analipata. Anayepandia Shekilango au Manzese, ambako wengi wanalilia kupanga kwa kuwa "ni mjini", anaangalia mabasi yaliyojaa yakimpita moja baada ya jingine. Ndiyo maana utaona watu wanapanda gari linaloenda kinyume na wanakokwenda, wanalipa nauli ya ziada ili wakageuze nalo mwisho wa ruti wapate siti. Nina mteja alipanga katikati ya ruti akawa anageuza kila siku kwa mwaka mzima. Alipojumlisha hiyo nauli ya kugeuza pamoja na kodi, nyumba yake "ya karibu" ilikuwa inamgharimu kuliko ile ya mwisho wa ruti aliyoikataa.

Jambo la tatu ni hizi "dakika tano kutoka lami". Hapa nawasema wenzangu wa kazi, na waninunie wakitaka. Dakika tano za dalali ni dakika tano za boda. Kwa miguu ni dakika ishirini na tano, na ukiwa Kimara zile za kurudi ni za kupanda mlima, kwa sababu nyumba nyingi zimeshuka bondeni. Mteja anaoneshwa nyumba Jumapili saa nne asubuhi, jua zuri, kapelekwa kwa boda mpaka getini. Ataijuaje njia?

Mimi nina utaratibu wangu na siuachi. Mteja asiye na gari namwambia aje Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, amevaa viatu vyake vya kazini. Vile vyenyewe, si raba. Tunaanzia mlangoni kwa nyumba, tunatembea hadi kituoni, anaangalia saa, halafu anapanda gari aende mpaka mlangoni kwa mwajiri wake. Jioni arudi na njia hiyohiyo, giza likiwa limeingia, aone kama pana taa na kama pana watu. Wengine wananuna, wanasema namsumbua mteja. Dada mmoja muuguzi alifika kituoni mkanda wa kiatu umekatika na vumbi limemfika magotini. Alikaa kwenye benchi la mama wa mandazi akaniambia, "Hii nyumba basi." Niliipoteza kodi ya mwezi mmoja ambayo ingekuwa ujira wangu, na sijawahi kuijutia.

Huyo mama wa mandazi naye ni wa kuulizwa. Kila kituo kina mmoja, au muuza genge, au kijana wa chipsi. Muulize: gari la mwisho linapita saa ngapi? Masika barabara hii inapitika? Konda wa jioni wanafika mpaka huku au wanakatisha ruti? Atakwambia bila kukuficha, maana yeye hapati chochote ukipanga au usipopanga.

Na masika yenyewe usiyasahau. Machi hadi Mei, Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani inafungwa, na mwendokasi unaotegemea Barabara ya Morogoro unakatika hapohapo. Kama kazi yako iko Posta au Kariakoo, jua kabla ya kuhama kwamba kuna siku chache kila mwaka utazunguka. Nyumba yenye njia mbili za kutokea, hata kama ya pili ni mbaya, ina thamani kubwa siku hizo.

"Bila gari Dar huwezi kuishi, nunua kwanza ndiyo uhame"

Watu wanakopa, wananunua IST, wanakuja nayo mjini, halafu inakaa foleni ileile ya Ubungo huku mwendokasi likipita pembeni kwenye njia yake. Njia hiyo ilianza kubeba abiria Mei 2016, ni kama kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na gari lako haliruhusiwi kuikanyaga. Ongeza mafuta na ada ya maegesho kila siku katikati ya mji. Sikatai gari. Nasema kaa kwanza mwaka, ujue unakwenda wapi na mara ngapi, ndiyo ununue. Gari lililonunuliwa kwa mkopo kabla ya kuujua mji ndilo linalomfanya mtu apange nyumba mbaya, kwa sababu anaamini litamfikisha popote.

"Daladala ni vurugu tupu, hazina mpango"

Zina mpango, ila haujaandikwa kwa ajili ya mgeni. Ruti imeandikwa kwenye paji la gari, na mistari ya rangi ubavuni inafuata ruti, kwa hiyo mwenyeji anaijua gari yake kwa mbali kabla hajasoma. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, si na konda. Konda akikushusha kabla ya mwisho wa ruti, amekatisha ruti na hilo ni kosa, una haki ya kudai chako. Daladala zenyewe zina umri wa kuheshimiwa. Magari ya watu binafsi yalihalalishwa 1983, mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar, yalipokuwa hayatoshi, na jina lilitokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Usibishane, usipande mlangoni likiwa linakimbia, na simu iweke mfuko wa mbele. Wiki tatu utakuwa umezoea.

"Boda itanimalizia kila kitu"

Boda ni ya dharura na ya kipande kifupi. Ukipiga hesabu ya boda ya kwenda na kurudi kwa siku ishirini na sita za kazi, utakuta ungeweza kupanga nyumba iliyo barabarani na ukatembea. Halafu kuna ajali. Nenda wodi yoyote ya mifupa uone. Ukipanda, vaa kofia, na dereva asiye na kofia ya pili mwache aende.

"Kigamboni ni ng'ambo, ni mbali"

Mbali na wapi? Kama kazi ni Posta, kivuko kinakushusha hatua chache tu kutoka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni. Daraja la Kigamboni nalo lipo tangu 2016. Kama kazi ni Mwenge, basi ndiyo, ni mbali, tafuta kwingine.

"Nikishuka stendi nitakuwa nimefika mjini"

Mabasi mengi ya mikoani siku hizi yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021. Ubungo ya zamani isahau. Ukifika usiku na mizigo, kutoka hapo hadi Posta ni safari nyingine kamili. Mwambie ndugu yako akupokee Mbezi, au lala hukohuko, nyumba utaiangalia asubuhi.

"Bila gari nitahamaje na vyombo?"

Kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kama wote tunavyohama. Mnakubaliana bei kabla ya kupakia, na unauliza wazi kama bei hiyo ina wabebaji na kama inafika mpaka mlangoni au inaishia barabarani. Mwite dereva aione njia siku moja kabla. Dereva wa kirikuu akiangalia ule mteremko akasema "mimi hapo sishuki", msikilize, kwa sababu hata teksi haitashuka usiku ambao mtoto anaumwa. Mteja wangu wa Iringa amepata chumba na sebule, choo ndani, Kimara Korogwe, hatua mia mbili kutoka kituoni. Alizihesabu mwenyewe, Jumatatu alfajiri, na viatu vya kazini.