Mtoto Hanenepi Peke Yake

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka saba kwa sababu anakoroma usiku na kuhema akipanda ngazi. Kwenye mizani, uzito ukawa umepita kiwango cha umri na urefu wake. Bibi aliyewasindikiza akashangaa: "Huyu si ana afya tu?"

Simlaumu. Kizazi chake kilizika watoto waliokondeana, na shavu la mjukuu lilikuwa ushahidi kwamba nyumba ina chakula. Hata leo, takribani asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ila aliyedumaa mapema naye anaweza kunenepa kupita kiasi baadaye.

Tukaihesabu siku ya mtoto kwa kijiko cha chai. Asubuhi, chai na maandazi: sukari vijiko vitatu. Hela ya shule ikaishia kwenye juisi ya rangi. Jioni baba akirudi kazini, soda. Chupa ya mililita 350 hubeba takribani vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa umri huu, soda hiyo pekee inakaribia kumaliza kiwango chote. Kila mmoja alimpa kwa upendo, bila kujua mwenzake ametoa nini.

Halafu kuna mtaa. Uwanja umegeuka fremu za maduka, shule anaenda kwa gari, jioni ana tuisheni. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku, atazipatia wapi? Hili mzazi haliwezi peke yake. Mwenyekiti wa mtaa aulizwe kabla kiwanja hakijauzwa.

Nyumbani, msimpikie chungu chake wala kumwita bonge. Ibadilike meza ya wote. Kwa kuwa bado anakua, mara nyingi hatutaki akonde. Tunataka uzito utulie, urefu uufikie, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Na kwa vile kliniki ya kila mwezi huishia miaka mitano, ombeni apimwe hata baada ya hapo.

Bibi akauliza Jumapili aje na nini, maana kwa mjukuu haendi mikono mitupu. Tukakubaliana: maembe, na mpira.