Betri haina kosa, angalieni waya

Juzi nimepigiwa tena, safari hii kutoka Igombe, kando ya Ziwa Victoria: "Fundi, betri imekufa, niletee kubwa zaidi." Kifaa chenyewe kinapima oksijeni na joto la maji kwenye vizimba vya sato, kisha kinatuma kwa laini ya simu. Betri ile nilikuwa nimeipima wiki iliyotangulia, nzima kabisa. Wateja wengine huwa wameshanunua betri kubwa kabla hata ya kuniuliza, na hilo linaniuma, maana hela hiyo ingenunua chakula cha samaki.

Mezani kwangu hapa mjini kifaa hicho hicho kinatuma kutwa nzima. Kikifika ziwani kinazima. Tofauti ni umbali wa mnara wa simu. Modemu ya 2G, yaani sehemu ya kifaa inayotuma kwa laini ya simu, ikiwa karibu na mnara huamriwa ipunguze nguvu. Ikiwa mbali hupanda hadi wati 2 kwenye masafa ya megahezi 900, na hapo huvuta karibu ampea 2. Lakini huvuta kwa mikrosekunde 577 tu, inanyamaza, halafu inarudia kila baada ya milisekunde 4.6. Mita ya kawaida itakusomea wastani, kama robo ampea, nawe utaapa kwamba umeme unatosha. Anayetaka kuliona shimo lenyewe, volti inapoporomoka ghafla, atumie osiloskopu, chombo kinachochora volti inavyobadilika kila mara.

Sasa piga hesabu. Modemu aina ya SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4. Betri ya lithiamu iko 3.7. Waya mwembamba wa mita moja, kwenda na kurudi, pamoja na kiunganishi chake, unafika omu 0.2 bila shida. Ampea 2 mara 0.2 ni volti 0.4. Modemu inabaki na 3.3, inazima. Chipu kuu mara nyingi inaendelea kuishi, kwa hiyo programu inaandika "hakuna mtandao", na kampuni ya simu inatukanwa bure.

Mafundi wenzangu hukimbilia kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme na kuuachia haraka. Wekeni, sikatai, lakini mikrofaradi 1000 ikiachiwa mzigo huo peke yake inashuka zaidi ya volti moja ndani ya mpigo mmoja. Haimwokoi mwenye waya mbovu.

Na kusema kweli, betri kubwa wakati mwingine inasaidia, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani huwa mdogo. Ndiyo maana imani hii haifi. Inapooza tatizo kwa miezi kadhaa, kiunganishi kinapata kutu, tunarudi pale pale. Mimi mwenyewe kuna vifaa nimevitibu hivyo nikaondoka, na hadi leo sina uhakika kama nilitibu chanzo.

Kinachonikosesha usingizi ni saa ya kuzima. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, ila inaitumia, pamoja na samaki, kwa hiyo oksijeni iko chini kabisa karibu na alfajiri. Betri ya sola nayo iko chini kabisa saa hiyo hiyo. Kifaa kinanyamaza wakati mwenye vizimba anakihitaji kuliko wakati wowote.

Kule Igombe nilikata waya wote, nikaweka mnene, wenye urefu wa sentimita kumi tu, na kuulehemu moja kwa moja, bila kiunganishi. Betri ni ile ile. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri kipimo cha oksijeni kiliingia kwenye simu ya mwenye vizimba, kiko chini, akawahi kuwasha pampu ya hewa.