Maji kutuama kwenye ndoo: kwanini rozimari inakufa masika na tundu lipo

Hapa Mtwara rozimari ikikauka mwezi wa pili utasikia mmea wa baridi huo hauwezi joto letu, au mwenye nayo akiona majani yamesinyaa anadhani ina kiu anaongeza maji na hapo ndo anaimaliza kabisa. Mara nyingi kilichoiua ni maji kutuama, na kutuama sio lazima uone dimbwi.

Iko hivi, ukimwagilia ndoo maji yanashuka, yanatoka tunduni, baadae yanakata, we unajua yameisha kumbe chini pale kuna tabaka la udongo limebaki chepechepe na halitoki hata utoboe tundu kubwa vipi, kwa sababu vile vinafasi vidogo kati ya chembe za udongo vinashika maji kama utambi wa kandili unavyoshika mafuta ya taa. Chukua sponji la vyombo, lilowanishe, lilaze kiganjani mpaka liache kudondosha, alafu lisimamishe wima, litadondosha tena. Sponji ni lilelile, ila likisimama kimo kinazidi na sehemu inayobaki imejaa maji inakuwa ndogo. Ndo maana kopo fupi pana ni baya kwa rozimari kuliko ndoo ndefu.

Asili yake ni nchi za Mediterania, mvua yao inakuja na baridi na inamea kwenye miteremko ya mawe mawe maji hayakai. Kwetu mvua ya Desemba mpaka Aprili inakuja na joto humohumo, mizizi inataka hewa nyingi wakati udongo umejaa maji hewa hakuna, basi inaoza. Mzizi uliooza hauvuti maji, ndo unaona majani kama yana kiu. Chomeka kidole kwanza kabla hujashika jagi!

Sasa ile ya kupanga kokoto chini ya ndoo, hata mimi nimeifanya sana, haisaidii jamani. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kwanza, kwahiyo tabaka bichi linapanda juu linaikaribia mizizi. Kokoto ndogo zichanganye na udongo wote, mimi naweka nusu udongo na nusu kokoto ndogo na mchanga wa chenga, samadi kiduchu. Mchanga laini unaziba, wa ufukweni una chumvi, achana nao.

Kingine, chana kipande cha kanga kuukuu ya pamba, kipitishe tunduni kining'inie chini kama ulimi, ndoo ikae juu ya matofali. Kitambaa kinanyonya yale maji ya chini kinayadondosha nje.

Mvua zikianza isogeze upenuni ila mbali na mchirizi wa bati, na kisahani cha chini toa. Kusi likishika mwezi wa sita irudishe juani.